Vishimo vya Bao, Kilima cha Hyrax

Nakuru, Jumamosi, 12 Agosti 2023

Viza ya kwenda kusoma Glasgow imetoka. Nyumbani kuna furaha, ila ni ya kusitasita, kwa sababu hakuna anayeelewa ninaenda kusomea nini hasa. Mtaa wetu wa Free Area umeshapeleka watu ng'ambo: wauguzi, walezi wa wazee, madereva wa malori. Hao kila mtu anawaelewa. Leo mjomba ameuliza mbele ya wageni, "Historia ya sanaa? Ndiyo nini, kuchora?" Nikamweleza kwamba ni kuchora, kuchonga na kujenga, na kwamba sehemu ya pili ya kozi ni kuhifadhi urithi kwa kompyuta. "Kumbe ni kompyuta! Si ungeanza na hiyo?" Tangu hapo anawatangazia watu kwamba ninaenda kusomea kompyuta. Nimemwachia. Kwenye harambee yeye ndiye aliyetoa kwanza.

Alasiri nilikuwa Bahati kwa nyanya yangu, Shosho. Nilibeba skana niliyobaki nayo saiba yetu ilipofungwa. Shosho ana picha moja tu ya ujana wake, ya 1964, aliyopigwa kwenye studio ya Mhindi hapa mjini. Amesimama mbele ya pazia lililochorwa ziwa na minazi, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti, gauni la maua, viatu vyeupe. Kona ya chini imeliwa na unyevu. Nikaiskani kwa kiwango cha juu, nikaihifadhi kama TIFF ili isipoteze chochote, kisha nikamwuliza kama ninaweza kuiweka mtandaoni.

"Usiweke."

"Kwa nini, Shosho? Mbona umependeza?"

"Gauni si langu. Ni la studio. Hata viatu. Mwenyewe akiona atasema nini?"

Nikamwambia studio ilifungwa miaka mingi iliyopita, na mwenyewe pengine hayupo tena duniani. Akanitazama tu. Kwenye faili nimeandika: gauni na viatu vya kuazima, mwenye picha hataki ionyeshwe hadharani. Sijui huko Glasgow watasema maelezo ya namna hiyo yanaingia safu gani.

Nakuru, Ijumaa, 8 Septemba 2023

Nimepanda Kilima cha Hyrax kabla ya safari. Toka stejini ni mwendo mfupi kwa barabara ya Nairobi, na bado nina marafiki waliozaliwa Nakuru ambao hawajawahi kukanyaga. Hili ni mojawapo ya maeneo ya kale muhimu kabisa Kenya. Mary Leakey alichimba hapa 1937 na 1938, mwaka 1943 pakatangazwa mnara wa taifa, na makumbusho yakafunguliwa 1965 ndani ya nyumba iliyokuwa ya mlowezi. Kuna mabaki ya kijiji, mashimo ya watu wanaoitwa Wasirikwa, na makaburi.

Ukiwa juu unaliona Ziwa Nakuru lote. Wataalamu wanasema zamani maji yalifika hadi miguuni mwa kilima, na sasa maji yanazidi kupanda tena. Yamemeza lango la zamani la hifadhi na nyumba za watu upande wa Mwariki. Heroe wengi wamehamia kwingine. Ziwa hili, pamoja na Elementaita na Bogoria, liliingizwa 2011 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ziwa lenyewe halijui habari za orodha.

Nilichokuja kukiona ni bao. Watu walichonga vishimo vya bao kwenye mwamba wenyewe, safu kwa safu. Mchana jua likiwa utosini huvioni vizuri. Unaona mabaka tu, na mtoto wa shule mwenye haraka atapita juu yake. Nimeingiza kidole kwenye kishimo kimoja. Ndani ni laini, pembeni ni kwaruzakwaruza. Ulaini huo haukutokana na kuchonga. Ni mikono iliyozoa kete humo kwa miaka na miaka.

Glasgow, Jumatano, 4 Oktoba 2023

Mvua. Nimenunua koti kwenye duka la mitumba la hapa, nikacheka peke yangu. Mwenzake labda liko soko la mitumba la Gikomba.

Kwenye Renfrew Street kuna jengo la chuo cha sanaa lililobuniwa na Charles Rennie Mackintosh. Liliungua 2014, maktaba yake ya mbao ikateketea. Wakaanza kulijenga upya, na Juni 2018 likaungua tena, vibaya zaidi. Sasa limefunikwa kwa vyuma na vitambaa. Mwalimu alitusimamisha hapo akatuambia kwamba baada ya moto wa kwanza jengo lilipimwa kwa miale ya leza, nukta kwa nukta, kwa hiyo umbo lake bado lipo kwenye kompyuta. Mwanafunzi mmoja akauliza: mbona basi halijajengwa? Jibu lilikuwa la pesa, bima na mabishano. Nimefurahi kulisikia somo hilo mapema. Faili hailindi nyumba na moto, na nyumba haisimami kwa sababu faili ipo.

Glasgow, Alhamisi, 19 Oktoba 2023

Leo ni miaka 118 tangu Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, auawe. Wanandi waliipinga reli kwa muda wa miaka kama kumi. Kapteni Richard Meinertzhagen alimwita kwenye mazungumzo ya amani, akampiga risasi. Fimbo tatu za uongozi alizokuwa nazo zikaenda Uingereza kama mali ya familia ya muuaji. Zilirudi Kenya 2006. Wanandi wangali wanadai fuvu lake.

Nimeyasema haya darasani kwa sababu mada ilikuwa "kitu na historia yake". Dada mmoja wa Kijerumani akauliza kama fimbo hizo zimepigwa picha za pande tatu, ili Uingereza nao wabaki na kumbukumbu. Aliuliza kwa nia njema. Mimi nilikaa na swali hilo siku nzima. Karne nzima wamekuwa na fimbo zenyewe, na sasa zimerudi tunaulizwa kama tumewaachia nakala.

Glasgow, Jumanne, 21 Novemba 2023

Tulipelekwa kwenye ghala la makumbusho fulani, nisiyotaja jina. Joto la humo halibadiliki mwaka mzima, hakuna vumbi, rafu zinasukumwa kwa gurudumu. Msimamizi alikuwa mkarimu. Alifungua sanduku akanitolea kibuyu cha maziwa, cha ngozi na shanga, akidhani nitafurahi. Nilifurahi. Ukinusa karibu na mdomo bado kuna harufu ya mbali ya moshi, ile ya mkaa wa mti unaotumiwa kusafishia kibuyu. Kisha akanionyesha kadi yake. Jina la Mwingereza aliyekitoa lipo na cheo chake, mwaka wa kupokewa upo, vipimo vipo hadi milimita. Mahali kilikotoka: Afrika Mashariki. Aliyekitengeneza: hapana kitu.

Kadi hiyohiyo ndiyo iliyonakiliwa kwenye mfumo wa kompyuta. Kwa hiyo sasa pengo lile linasomeka duniani kote, kwa kasi.

Kikundi cha wasanii cha The Nest Collective cha Nairobi, Makumbusho ya Taifa ya Kenya na makumbusho mawili ya Ujerumani, ya Cologne na Frankfurt, waliwahi kukaa wakahesabu. Mradi wao wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo nje ulipata vitu zaidi ya 32,000 katika taasisi 30 za Ulaya na Marekani. Na hizo ni taasisi zilizojibu barua zao tu. Katika maonyesho yao ya 2021 waliweka makabati matupu. Wakati ule niliona ni mbwembwe za wasanii. Baada ya kadi ya leo nimewaelewa.

Nimemsoma pia Chao Tayiana Maina. Alitoka kwenye hisabati na kompyuta pale chuo kikuu cha JKUAT, akapita hukuhuku Glasgow, akarudi kuanzisha African Digital Heritage. Yeye na wenzake wamejenga upya kwa kompyuta kambi za kizuizini za wakati wa Mau Mau, ambazo nyingine leo ni shule. Kinachonivutia zaidi ni kwamba kando ya modeli zao kuna sauti za waliofungwa humo. Jengo halizungumzi peke yake.

Glasgow, Jumatatu, 12 Februari 2024

Zamu yangu ya kuwasilisha. Wenzangu walileta Giotto na Caravaggio. Mimi nilileta kuta za Kanisa la Mtakatifu James, Murang'a: michoro mitano ya Elimo Njau, ya 1959. Njau, mzaliwa wa Tanganyika aliyesomea Makerere kwa Margaret Trowell, alimchora Yesu Mwafrika, kuanzia kuzaliwa hadi msalabani, katika mandhari ya milima na migomba, ndani ya kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Hebu fikiria ujasiri huo, hali ya hatari ikiwa bado haijaondolewa.

Usiku wa kuamkia leo nilimpigia Shosho, kwa sababu ujana wake ulipitia Murang'a. Mwaka 1953 familia yake ilipakiwa kwenye lori kutoka shamba la mlowezi huko kwetu Nakuru, pamoja na maelfu ya Wakikuyu waliofukuzwa Bonde la Ufa na kurudishwa "kwao", mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kuishi. Michoro aliiona. "Watu walibishana nje ya kanisa," akasema. "Wengine walisema Yesu hawezi kuwa mtu wa hapa, angekuwa kwenye kambi." Sentensi hiyo niliisoma darasani. Mwalimu aliomba niirudie.

London, Alhamisi, 21 Machi 2024

Kew, kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa la Uingereza. Kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu, lakini picha unapiga kwa simu yako bila malipo. Nilitaka kuziona kwa macho zile "nyaraka zilizohamishwa". Uhuru ulipokaribia, 1963, masanduku kama 300 ya faili za serikali ya kikoloni ya Kenya yalipakiwa kwenye ndege, na London ikakaa kimya. Zilikuja kukiriwa 2011, kwenye jumba la serikali la Hanslope Park, baada ya wazee wa Mau Mau kushtaki. Faili za Kenya ni takriban 1,500. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa walalamishi 5,228 pauni milioni 19.9. Bila karatasi hizo kesi ingekuwa neno la mzee mbele ya neno la dola.

Faili niliyoomba ililetwa kwenye sanduku la kaki. Karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu, zimetobolewa pembeni. Nilikuwa natafuta habari za mashamba ya Nakuru. Sikulikuta jina la baba yake Shosho, wala sikutarajia. Maafisa wametia saini kwa majina yao, na waliopakiwa kwenye malori wanatajwa kwa hesabu.

Hapa ndipo nilipoona kazi ya kompyuta inastahili jasho lote. Mtafiti wa Nakuru hawezi kupanda ndege kila anapotaka kuhakikisha tarehe. Nakala za karatasi hizi zilipaswa kuwa Nairobi na Nakuru tangu jana. Karatasi hizi ni zetu, zilifichwa, na hakuna mwenye haki ya kutunyima.

Glasgow, Jumanne, 30 Aprili 2024

Sijalala. Jana alfajiri maji yalishuka Mai Mahiu, yakapita juu ya watu wakiwa usingizini. Wanasema mkondo wa maji chini ya tuta la reli ya zamani uliziba, maji yakajikusanya nyuma yake, kisha tuta likaachia. Makumi wamekufa, na bado wanachimbua matope. Baba amenipigia kusema watu wetu wako salama. Binamu yangu wa Naivasha ameenda kusaidia.

Jioni binamu alituma sauti ndefu. Kati ya mambo mengine alisema kuna mama ambaye hana tena hata picha moja ya mtoto wake ya kuweka kwenye tangazo la mazishi. Nimezima simu baada ya hapo.

Sitaki kuandika kwamba hifadhi ya kidijitali ingesaidia. Kilichohitajika ni mtu wa kuuzibua ule mkondo. Ila michoro ya wahandisi wa reli hii ipo mahali fulani, na mtu aliyejua wapi kila mkondo unapita chini ya tuta angekuwa wa maana kuliko sisi wote tunaoitwa wasomi wa urithi.

Nakuru, Jumatano, 12 Juni 2024

Nimerudi kwa kazi ya tasnifu. Kibali cha utafiti cha NACOSTI ninacho, na makumbusho wamekubali. Leo tumepiga picha za bao.

Njia yenyewe ni rahisi, inataka subira tu. Kamera inafungwa juu ya mwamba na haiguswi tena. Kando ya vishimo unaweka gololi mbili nyeusi zinazong'aa. Kisha mtu anaizunguka kamera na taa, anaishusha na kuipandisha, picha moja kwa kila mahali pa taa. Ili umbali usibadilike tumefunga uzi kwenye taa: msaidizi anashika ncha ya uzi karibu na mwamba, unakaza, unaachilia, unapiga. Nuru inayometa kwenye gololi ndiyo inayoieleza programu taa ilikuwa upande gani. Kazi inafanyika giza likiingia, kwa hiyo tulianza jua lilipozama, pimbi wakilia kwenye mawe na malori yakinguruma barabarani. Askari wa zamu alijitolea kushika uzi. Mwanzoni aliona ni mchezo, baadaye akawa ndiye anayenikosoa: "Dada, hapo umelegeza."

Nyumbani nikaunganisha picha zote. Sasa ninaweza kuisogeza nuru kwenye skrini nitakavyo. Nilipoilaza chini kabisa, vikatokea vishimo vingine pembeni, vidogo, vya kina kifupi, visivyonyooka, ambavyo mchana sijawahi kuviona. Mtu alianza bao la pili akaliacha, au kuna mtoto aliyekuwa akijifunza karibu na wakubwa. Siwezi kuthibitisha lolote kati ya hayo na sitaliandika kwenye tasnifu. Hapa ninaliandika.

Nakuru, Jumapili, 23 Juni 2024

Suala la makaburi limenisumbua tangu nifike. Mpango wangu wa awali ulikuwa kupima eneo lote la kilima, makaburi yakiwemo, na kuiweka modeli mtandaoni. Kati ya yaliyochimbuliwa hapa kuna makaburi 19 ya enzi ya chuma, mengi ya vijana wa kiume. Kwa picha yangevutia kuliko bao, bila shaka. Ndiyo sababu nilisita.

Nilikuwa nimesoma habari za Ngadji, ngoma ya Wapokomo wa Mto Tana. Waingereza waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu 1908 imo kwenye ghala la British Museum. Kwa Wapokomo ngoma hiyo ilisikika tu. Kuiona kulikuwa haki ya wazee wachache. Sasa mwanafunzi kama mimi, kwa nia njema kabisa, angeipiga picha za pande zote na kuigawia dunia. Angekuwa ameokoa mbao na ngozi. Ile siri iliyoifanya Ngadji kuwa Ngadji angekuwa ameimaliza.

Lakini makaburi ya Hyrax ni ya nani? Wakalenjin wana masimulizi yao ya Wasirikwa. Wamaasai walichunga hapa kabla ya walowezi. Mimi ni Mkikuyu wa Bahati, na ukoo wetu ulifika hapa kwa kazi ya shamba. Rafiki yangu amenipeleka Rongai kwa mzee mmoja anayeheshimiwa. Tumekunywa chai, tumeongea habari za mahindi na bei ya mbolea, ndipo nikauliza.

"Wasirikwa walikuwepo kabla yetu, binti yangu," akasema. "Wengine wanasema ni wetu, wengine wanasema tuliwafukuza. Mimi siwezi kukupa ruhusa ya mtu nisiyemjua."

Nikauliza basi nifanye nini.

"Kukuruhusu siwezi. Kukukataza naweza."

Njiani rafiki yangu aliniomba radhi, akidhani nimevunjika moyo. La hasha. Mwaka mzima wa kozi hakuna aliyeniwekea mpaka waziwazi namna hiyo.

Nakuru, Jumanne, 2 Julai 2024

Nimekabidhi faili za picha. Kanuni ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Kawaida ya miradi hii ni ya "mbali" kuwa Afrika. Mimi nimeigeuza: nakala ya kwanza, yenye picha zote ghafi, iko kwenye makumbusho hapa kilimani, ya pili kwa mtunza kumbukumbu Nairobi, na Glasgow ndiyo mbali. Maelezo ni ya Kiswahili, Kiingereza kinafuata chini yake. Askari aliyeshika uzi ametajwa kwa jina miongoni mwa waliofanya kazi, kwa ridhaa yake.

Modeli ya bao iko wazi kwa yeyote. Makaburi hayamo. Msimamizi wangu ameandika kuuliza kwa nini eneo hilo limeachwa tupu kwenye ramani, na kama nitalijaza kabla ya Agosti. Nimemjibu kwamba sitalijaza, na kwamba anayetaka kujua zaidi aje Nakuru aulize.